Usiku wa Korsun kwa vizibo vya soda: namna ya kutengeneza na kucheza mchezo wa kutoboa mzingo

Michezo mingi ya vita niliyoiona humlipa mchezaji kwa kuua. Huu ninaokuelekeza hapa unamlipa kwa kutoka. Upande mmoja umezingirwa, una saa kumi na mbili za kutembea kwenye theluji kutoka kijiji cha Shenderovka hadi mji mdogo wa Lysyanka, na kila anachokibeba kinampunguzia mwendo. Mwishoni hatuhesabu maadui walioanguka. Tunahesabu waliofika ng'ambo, na walichofika nacho.

Nina duka la steshenari Kariakoo, kwa hiyo vifaa nitakavyotaja ni vile ninavyovishika kila siku: karatasi moja ya manila, rula ya chuma, bikari, penseli, maka peni za rangi tatu. Vizibo vya soda utaviokota bure kwenye banda lolote la chipsi. Ongeza komwe za bao, punje chache za maharage, dadu mbili, bahasha moja. Pa kuchezea ni kijiweni kwetu Magomeni, kwenye meza ya drafti, kahawa ikiwa karibu. Watu wa pale wamezoea kufikiri hatua tano mbele, nao ndio walionisaidia kuzinyoosha kanuni hizi.

Kisa chenyewe

Huwezi kucheza vizuri bila kujua kilichotokea, kwa sababu kila kanuni hapa imetoka kwenye tukio la kweli.

Ni Ukraine, majira ya baridi ya 1944, Vita vya Pili vya Dunia. Wajerumani walikuwa bado wameshikilia kipande cha ardhi kilichochomoza kuelekea mto Dnieper, na Hitler alikataa kiachwe. Jeshi Jekundu, yaani la Wasovieti, likakikata shingoni. Vifaru vya Jenerali Konev vilitoka kusini-mashariki, vya Jenerali Vatutin vikatoka kaskazini-magharibi, na tarehe 28 Januari vikakutana Zvenigorodka. Ndani ya mzingo, kuzunguka mji wa Korsun, wakabaki askari wanaokaribia 60,000. Walikuwa wa vikosi viwili vikubwa, kimoja cha Jenerali Stemmermann na kingine cha Jenerali Lieb, na Stemmermann akapewa kuwaongoza wote.

Manstein, aliyeongoza majeshi yote ya Kijerumani ya upande ule, alipeleka vifaru vya kuwakomboa. Kisha barafu ikayeyuka. Ardhi ya kule ni nyeusi na yenye rutuba, na ikilowa inanata kama matope ya Jangwani baada ya mafuriko ya masika, ila yenyewe haina mwisho. Mafuta yaliisha kabla vifaru havijasonga, na askari wakawa wanayabeba kwa miguu. Vifaru vya Jenerali Breith vilifika Lysyanka, penye mto Gniloy Tikich, vikaishia hapo. Mbele yao kulikuwa na kilima ambacho ramani ilikiandika kwa urefu wake tu, 239. Walikishambulia, hawakukishika.

Basi waliozingirwa wakaamriwa waende wenyewe. Usiku wa tarehe 16 Februari, saa 5, karibu watu 45,000 walianza kutembea kwa misafara mitatu. Kulia kulikuwa na Kikosi B, katikati Divisheni ya 72, kushoto divisheni ya SS, jeshi la chama cha Nazi, iliyoitwa Wiking. Nyuma walibaki watu wa Divisheni za 57 na 88 kuwazuia Wasovieti. Majeruhi wasioweza kutembea, zaidi ya elfu moja, waliachwa Shenderovka pamoja na waganga waliojitolea kubaki nao.

Jambo moja nataka lieleweke kabla hujashika dadu. Wale waliozingirwa walikuwa wavamizi, na vijiji vile vilikuwa vya Waukraine waliochomewa nyumba na kufukuzwa kwenye baridi. Anayecheza upande huo anabeba tatizo la kamanda, habebi bendera yake. Kwenye vizibo vyangu nimeandika namba za divisheni tu, bila nembo yoyote, nami naomba mtu atakayeunakili mchezo huu afanye hivyohivyo.

Ramani

Chora vyumba vya pembe sita, usichore miraba. Kwenye mraba, hatua ya kona ni ndefu kuliko hatua ya ubavu, na msafara utaiba mwendo kwa kwenda mshazari. Chumba cha pembe sita kina majirani sita, wote umbali sawa.

Bikari inarahisisha kazi hii. Fungua bikari sentimita 2, chora duara, kisha bila kuibana wala kuipanua, tembea nayo juu ya duara lilelile ukitia alama. Itaingia mara sita kamili. Unganisha alama kwa rula. Kata umbo hilo kwenye kadi ngumu, ulitumie kama kielelezo cha kuzungushia penseli. Ubavu wa sentimita 2 unakupa chumba chenye upana wa sentimita 3 na nusu hivi toka ubavu hadi ubavu, na kizibo cha soda kinakaa ndani yake bila kugusa kuta. Safu 18 kwa mistari 12 zinaenea kwenye manila moja na pembeni pakabaki nafasi ya kuandikia saa.

Magharibi iwe kushoto. Hesabu safu kuanzia kulia, kwa maana ndiko watu wanakotoka, na mistari kuanzia juu. Shenderovka weka safu ya 3, mstari wa 5. Khilki safu ya 5, mstari wa 4. Komarovka safu ya 5, mstari wa 7. Dzhurzhentsy safu ya 11, mstari wa 5, na Kilima 239 kando yake, safu ya 12, mstari wa 6. Pochapintsy safu ya 11, mstari wa 9. Kijiji cha Oktyabr safu ya 15, mstari wa 5. Lysyanka safu ya 17, mstari wa 6. Nimezikunja sehemu hizi zikae kwenye karatasi, lakini uhusiano wao ni ule wa kweli: kilima kiko njiani, na mto uko baada ya kilima.

Mto uchore kwa buluu kutoka ukingo wa kushoto, upite Lysyanka, kisha ushuke mshazari kuelekea kusini-mashariki mpaka ukingo wa chini, kwenye safu ya 12. Tazama umbo hilo kwa makini, maana limeua watu. Anayepita kaskazini ya kilima anafika Oktyabr na Lysyanka kwa nchi kavu, na pale kuna daraja. Anayekwepa kilima kwa kusini anaona amenusurika, kumbe anajikuta ukingoni mwa mto usio na daraja.

Makorongo yachore kwa kahawia, vyumba kama 20 vilivyotawanyika kati ya safu ya 6 na ya 14. Nchi ile imejaa makorongo, ndiyo yaliyowaficha watu na ndiyo yaliyomeza mikokoteni.

Vizibo

Waliozingirwa wana vizibo 30, kila kimoja takriban watu 1,500. Vinne kati ya hivyo ni walinzi wa nyuma, vipake rangi tofauti. Vilivyobaki 26 vigawe misafara mitatu, na Divisheni ya 72 ya katikati iwe na vingi kidogo.

Wasovieti wana vizibo 19: vifaru vinne, askari wa miguu sita walio mbele, askari sita wanaofukuza kutoka mashariki, na wapanda farasi watatu. Hivi havihesabiki kwa idadi ya watu, ni nguvu tu. Kabla ya kuanza, Msovieti anapanga askari wake sita wa mbele kati ya safu ya 7 na ya 10, bila viwili kugusana. Vifaru viwili Dzhurzhentsy, viwili Pochapintsy. Wanaofukuza kwenye safu ya 1. Wapanda farasi wanangoja nje ya ramani hadi saa 12 asubuhi, kwa sababu kweli walitokea kulipopambazuka, wakawakuta watu uwandani.

Vizibo vyote vya mbele vya Kisovieti vinaanza vikiwa vimefunikwa, meno chini. Kizibo kilichofunikwa kimelala: hakitembei wala hakishambulii, kinajilinda tu kikiguswa. Wacheza drafti watalielewa hili mara moja, kwa kuwa kizibo kufunikwa au kufunuliwa ndivyo tunavyotofautisha pande.

Komwe nane ni mizinga na mikokoteni. Maharage manne ni majeruhi. Yapange juu ya vizibo vya misafara unavyotaka, au uyaache Shenderovka tangu mwanzo. Hapo ndipo mchezo unapoanzia, kabla hata dadu haijarushwa.

Zamu na mwendo

Kila zamu ni saa moja. Ya kwanza ni saa 5 usiku, ya mwisho saa 4 asubuhi. Zamu saba za giza, tano za mwanga. Anayetoka anacheza kwanza, kisha Msovieti.

Kizibo kitupu kinakwenda vyumba viwili. Kilichobeba komwe au haragwe kinakwenda kimoja. Ndani ya korongo kila mtu anakwenda kimoja, na aliyebeba komwe lazima arushe dadu: akipata 1 au 2, komwe imezama, iondoe. Vizibo vitatu tu vinaweza kukaa chumba kimoja, vikipandana. Mzigo unaweza kuuacha wakati wowote, lakini ukishaachwa hauokotwi.

Piga hesabu mwenyewe. Toka Khilki hadi Lysyanka ni hatua kumi na mbili. Mtu mtupu anafika ndani ya zamu sita, giza lingali limetanda. Mwenye mzigo anahitaji zamu zote, na tano za mwisho ziko mchana mbele ya vifaru. Sikulazimisha kanuni yoyote ya kuacha majeruhi. Hesabu yenyewe inakubana, na wewe ndiye utakayeamua.

Kuna mzee jirani yetu aliyekwenda vita vya Kagera, ile iliyoanza 1978 Amin alipovamia. Nilimwamkia, nikamwonyesha ramani, nikamuuliza: mzee wangu, watu wengi wanatembeaje usiku nchi wasiyoijua? Akasema usiku unamshika aliye mbele yako, na aliyeachia amepotea hata kama yuko hatua kumi. Kanuni ya mnyororo imetoka kwake. Wakati wa giza, kizibo ambacho hakigusani na kingine cha msafara wake mwishoni mwa zamu kinarushiwa dadu. Ikitoka 1, Msovieti anakisogeza chumba kimoja upande wowote anaotaka.

Kimya na kelele

Hii ndiyo kanuni ninayoipenda kuliko zote. Divisheni ya 72 ilikuwa na Rejimenti ya 105, chini ya Meja Kästner. Walipenya kwa visu vya bunduki bila kufyatua risasi, wakafika kwa wenzao kabla hakujapambazuka. Wengine waliofyatua risasi waliamsha bonde zima.

Giza likiwapo, kizibo kisicho na komwe kinaweza kupita kando ya Msovieti aliyelala. Rusha dadu: 1 au 2, ameamka, mfunue. 3 na kuendelea, umepita. Ukitaka kushambulia kwa kimya, shambulia bila komwe. Ukishinda, hakuna mwingine anayeamka. Ukishambulia kwa komwe unapata nguvu zaidi, lakini kila Msovieti aliye ndani ya vyumba vitatu anafunuliwa. Kuanzia saa 12 asubuhi wote wameamka.

Mapigano yenyewe nimeyafanya mafupi makusudi. Kila upande urushe dadu moja, ujumlishe vizibo vyake vilivyo kwenye pigano. Mshambuliaji anaongeza 1 kwa kila komwe. Mlinzi anaongeza 1 akiwa kijijini au korongoni. Kifaru kinaongeza 1 usiku na 3 mchana. Aliyepata kidogo anapoteza kizibo kimoja, waliobaki wanarudi chumba kimoja nyuma. Wakilingana, kila mtu abaki alipo na zamu imepotea, nako kupoteza zamu usiku ule ni hasara ya kutosha.

Bahasha ya Kilima 239

Ujumbe uliowafikia waliozingirwa uliwataka wafike Dzhurzhentsy na Kilima 239 kwa nguvu zao wenyewe. Haukuwaambia kwamba kilima bado kiko mikononi mwa Wasovieti. Maelfu walikiendea wakidhani ni cha wenzao, na vifaru vilivyokuwa pale vikawapiga. Ndipo wakakatia kusini, wakaangukia mto.

Tatizo la mtengenezaji wa mchezo ni kwamba mchezaji ameshasoma kisa. Hawezi kusahau anachokijua. Kwa hiyo kata kadi nne. Mbili ziandike "vifaru", moja "wenzetu", moja "hakuna mtu". Changanya, Msovieti achomoe moja, aisome peke yake, aitie kwenye bahasha. Bahasha inafunguliwa kizibo cha kwanza kinapofika vyumba viwili kutoka kilimani. Ikiwa ni vifaru, vile viwili vya Dzhurzhentsy vinapanda kilimani vikiwa vimeamka. Ikiwa ni wenzetu, weka hapo kizibo kimoja cha Breith, ambacho hakihesabiwi alama.

Bahasha inabadili hata sura ya meza. Shemeji yangu, anayependa upande wa Kisovieti, akishaisoma kadi hunyanyua kikombe cha kahawa na kunitazama moja kwa moja, nami sijui kama ananidanganya au la. Wasiwasi ule ndio nilioutaka.

Jenerali mmoja, sehemu mbili

Tengeneza kete moja ya jenerali. Kila zamu inakaa ama na msafara mmoja wa mbele, ama na walinzi wa nyuma, na kuihamisha toka sehemu moja hadi nyingine kunachukua zamu mbili.

Akiwa mbele, msafara wake unaongeza 1 kwenye kila pigano. Lakini walinzi wa nyuma hawatapata amri ya kuondoka bila dadu: 4 na kuendelea, ujumbe umefika, pungufu ya hapo, wamebaki zamu nyingine. Akiwa nyuma, walinzi wanamtii papo hapo, ila msafara wowote uliofika mbali zaidi ya vyumba sita unarushiwa dadu kila zamu. Ikitoka 1 au 2, msafara huo hausikii mpango wako. Unakwenda moja kwa moja kuelekea Lysyanka, kilima kiwepo kisiwepo.

Walinzi wa nyuma wakiwa wangali kwenye safu ya 3 au ya 4, wanaofukuza hawawezi kupita mpaka wawashinde kwa pigano. Wakiondoka, njia iko wazi na Wasovieti sita wanakimbia nyuma yako vyumba viwili kila zamu.

Stemmermann alimwachia Lieb kuongoza mbele, yeye akabaki na walinzi wa nyuma, akauawa katika kutoka huko. Sijaweka kanuni ya kumlazimisha mchezaji afanye hivyo. Ila nimeona wachezaji wengi wa kijiweni, hata wale wakali wa drafti ambao hawaoni taabu kutoa kete tatu ili wapate kingi, wakifika hapa wananyamaza. Kijana mmoja aliacha vizibo vinne nyuma bila amri ya kuondoka, akijua kabisa kwamba vitawapa wenzao zamu tatu. Alama zilimpendelea. Mzee wa Kagera, aliyekuwa amesimama tu akitazama, akamwambia: "Mwanangu, angalau watume mtu awaambie." Kijana akairudisha kete ya jenerali nyuma, na hakuna aliyemhimiza afanye haraka.

Mto

Gniloy Tikich si mto mpana, mtu angeweza kuutupia jiwe likafika ng'ambo. Lakini ulikuwa umejaa maji ya theluji iliyoyeyuka, unakwenda kasi, na kingo zake ni za mwinuko. Watu walifika wakiwa na makoti mazito yaliyolowa, vifaru vikiwa nyuma yao. Mamia walizama. Lieb mwenyewe alivuka akiogelea na farasi.

Msafara ukifika ukingoni pasipo daraja, unasimama. Zamu inayofuata, acha kila mzigo, kisha rusha dadu kwa kila kizibo, kimojakimoja, usirushe kwa jumla. Ikitoka 1, kizibo kimepotea. Kama kifaru cha Kisovieti kiko ndani ya vyumba vitatu, 1 na 2 zote ni hasara. Usifupishe hatua hii kwa sababu ya uchovu. Nimeiweka ya kizibo kimojakimoja ili mtu aone.

Ukivuka kwa daraja la Lysyanka, hakuna dadu na mzigo wako uko nawe. Lakini chumba cha daraja kinapokea vizibo vitatu tu kwa zamu, kwa hiyo anayepeleka wote kaskazini atapanga foleni mchana kweupe.

Kuhesabu

Ameokoka aliyefika Oktyabr, Lysyanka, au chumba chochote magharibi ya mto. Kizibo kimoja alama 3. Haragwe lililofika, alama 2. Komwe, alama 1. Msovieti aliyeondolewa mezani hampi mtu alama yoyote, na hili nisingependa ulibadilishe hata ukibadilisha mengine yote. Ukianza kulipia kuua, mchezaji atasimama kupigana, na usiku ule aliyesimama alikufa.

Kwa hesabu ya Wajerumani walitoka ndani ya mzingo watu kama 36,000, bila mizinga yao. Hivyo ni vizibo 24, sawa na alama 72. Ukizidi 72 umefanya vizuri kuliko wao. Ukiwa kati ya 61 na 72 ni sare. Ukipata 60 au pungufu, Msovieti ameshinda. Moscow ilitangaza hesabu tofauti kabisa: 55,000 waliouawa na kujeruhiwa, 18,200 waliotekwa, idadi inayopita hata wale waliozingirwa. Konev alipandishwa cheo kuwa Marshali mwezi huohuo. Nimechagua 36,000 kwa kuwa inalingana na idadi ya waliokuwamo, na kwa kuwa upande ulioshindwa ulikuwa unahesabu ili uwagawie watu wake chakula na nguo.

Ushauri kidogo kwa kila upande

Unayetoka, usigawe komwe sawasawa. Zipe msafara mmoja, uwe wa kelele, uende kaskazini kuamsha watu, misafara mingine miwili ipite kimya. Msafara huo utaumia. Maharage yasafiri na vizibo vya mbele kabisa, si vya nyuma kama mkono unavyokutuma, maana aliye taratibu anahitaji saa nyingi za giza. Na amua kuhusu walinzi wa nyuma kabla ya saa 9 usiku. Ukichelewa, dadu ndiyo itakayoamua.

Msovieti, kishawishi chako ni kutawanya vifaru. Wasovieti wa kweli walikuwa na vikosi kila upande na bado watu wengi walipenya, kwa sababu theluji ilikuwa inaanguka na hakuna aliyejua msafara mkubwa uko wapi. Weka vifaru viwili viwili, ungoje mwanga. Wanaofukuza wasigonge kichwa kwa walinzi wa nyuma zamu za kwanza mbili. Pigano la kizibo kimoja kwa kimoja halina faida kwako. Wapanda farasi waingize kwa kusini, kati ya Pochapintsy na mto. Hapo ndipo watu watakapokuwa.

Mchezo mzima unachukua jioni moja kama wachezaji hawabishani. Ukiweza kupata mtu wa tatu awe mwamuzi, mpe bahasha yeye, na Msovieti naye asijue kadi. Mchezo unakuwa mgumu zaidi kwa wote wawili. Manila ipake laminesheni kabla ya kuanza kuitumia, kahawa inamwagika.

Ukishaumudu, kanuni hizihizi unaweza kuzileta nyumbani. Mwishoni mwa 1917 Kapteni Tafel aliondoka Mahenge na msafara wake wa Wajerumani, askari na wapagazi wa Kiafrika, akielekea kusini kumtafuta Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Kijerumani la Afrika Mashariki. Lettow alivuka Ruvuma tarehe 25 Novemba na kuingia Msumbiji. Tafel hakumpata, chakula kikamwishia, na siku chache tu baadaye akasalimu amri. Theluji itoke, njaa iingie: kila zamu ni siku, na kila kizibo kinakula punje moja ya mahindi. Komwe ziwe mizigo ya wapagazi, na wapagazi wawe na kizibo chao wenyewe, chenye alama sawa na cha askari. Bahasha ya kilima igeuke kuwa bahasha ya Lettow, kadi zake zikitaja alipo: bado yuko huku, yuko mtoni, ameshavuka. Ramani yake ni ndefu kuliko pana, kwa hiyo nunua manila mbili na uziunganishe kwa selotepu upande wa nyuma.